Bibi Mlangoni Anajibu: Mke wa Dexter kauawa na nani?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Juzi nimehesabu barua na ujumbe wa simu kumi na moja mezani kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, na karibu zote zinauliza sizoni moja, yaani tamthilia ya runinga ya Marekani: Dexter, yule mtaalamu wa damu wa polisi wa Miami ambaye usiku anaua wauaji wenzake. Zaidi mnauliza mwisho wa msimu wa nne. Nikamtuma mjukuu aulizie mjini, akarudi na jibu kwamba kuna vijana wanairusha kwenye flashi kwa bei ya andazi, basi mtaa mzima umeamka. Kitu chenyewe kilionyeshwa Marekani tarehe 13 Desemba 2009. Msiba wa zamani, lakini aliyepata habari leo analia leo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Bibi Mlangoni kwa sababu nilikaa miaka tisa mlangoni mwa banda la video la marehemu mume wangu, nikipokea shilingi hamsini za watoto na mia za wakubwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndani nilikuwa siingii sana. Picha nyingi nilizijua kwa kelele za watazamaji, na stelingi akipigwa nilijua kwa jinsi walivyonyamaza. Sasa hivi nimezeeka, naangalia mwenyewe, nimekaa kwenye kochi na chai ya tangawizi.

Ambaye hajafika mwisho wa msimu wa nne afunge ukurasa hapa hapa. Usije kuniambia nimekuharibia.

*Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu hatusemeshani tangu Jumapili. Yeye anasema Dexter ndiye aliyemuua mkewe Rita, kwa sababu msimu wa tano unapoanza polisi wanafika nyumbani, na yeye mwenyewe anasema "ni mimi". Mimi nasema muuaji ni yule mzee mrefu, Arthur. Mume wangu ananiuliza: ulimwona akiua? Na kweli sikumwona, hakuna mahali wameonyesha. Ugali umepoa, mlenda umekuwa maji. Tuamulie. – Mke wa fundi bomba, Kizota*

Marahaba mwanangu. Umeshinda wewe. Ila mpashie mumeo ugali kwanza, maana swali lake si la kijinga hata kidogo, na wewe jibu ulikuwa huna.

Yule mzee, Arthur Mitchell, ambaye kachezwa na John Lithgow, ana mwandiko. Alipokuwa mdogo dada yake alikufa bafuni kwa kuvuja damu, mama yake akajirusha, baba yake akafa kwa kupigwa. Alipokua akawa anavirudia vifo vile, mji baada ya mji, kwa miaka thelathini: mwanamke kijana ndani ya beseni la kuogea, mshipa wa paja umekatwa, mama wa watoto anaanguka kutoka juu, mwanamume anapigwa mpaka kufa. Polisi walimwita Trinity, Utatu, wakidhani anaua watu watatu watatu. Dexter ndiye anayekuja kugundua kwamba kabla ya hao watatu kuna mtoto wa kiume, kwa hiyo ni wanne. Sasa mwambie mumeo akumbuke Rita alivyokutwa. Yumo ndani ya lile beseni refu la kuogea la Kizungu (sisi wa maji ya Mzakwe, tena ya mgao, hatujawahi kulijaza), maji yamekuwa mekundu. Ukikuta barua kwenye meza na unaujua mwandiko, huhitaji kumwona aliyeandika akishika kalamu.

Lakini kwa nini hawakutuonyesha? Hapo ndipo ninapotaka mkae.

Dakika zile tulikuwa wapi? Tulikuwa na Dexter. Gari la mzee limezimika njiani kwa sababu Dexter kalichezea, mzee kanaswa, kafungwa mezani, na anauawa kwa nyundo yake mwenyewe. Ingekuwa banda letu, wangepiga benchi mpaka miguu ikatike. Adui kashikwa! Na wakati huo huo tunaposhangilia, mwanamke yule ameshakufa. Mzee alishamaliza kazi yake kabla hajakamatwa, ndiyo maana pale mezani anaonekana hana haraka. Tulidhani tuko mwisho wa picha, kumbe mwisho ulishapita na sisi tulikuwa chumba kingine tunapiga makofi.

Halafu Dexter anarudi nyumbani. Rita alishatangulia safari ya fungate yao, ambayo imeahirishwa mara ngapi sijui. Nyumba kimya. Anasikiliza ujumbe wa mkewe kwenye simu: amesahau kitambulisho, amerudi kukichukua. Dexter anampigia. Na simu inalia humo humo ndani ya nyumba.

Mwanangu, mara ya kwanza nilipofika hapo niliinuka. Nilidhani ni simu yangu. Nilikwenda mpaka kabatini, nikainua kitambaa, nikakuta simu yangu imelala kimya na alama ya chaji. Niliporudi kwenye kochi mtoto alikuwa analia kwenye runinga, na miguu yangu ikakataa kukaa. Mtoto Harrison, hajafika hata mwaka, amekaa sakafuni katikati ya damu ya mama yake. Na wewe uliyeangalia tangu msimu wa kwanza unajua baba yake naye alikaa vivyo hivyo mwaka 1973, ndani ya kontena bandarini, mama yake akiwa ameuawa kwa msumeno wa moto mbele ya macho yake.

Sasa ile "ni mimi" inayomchanganya mumeo. Mimi asili yangu Kongwa. Kwetu ng'ombe wa mtu wakiingia shambani kwa jirani usiku wakala uwele, asubuhi kwenye baraza mwenye ng'ombe hasimami akasema "ni ng'ombe". Anasema "ni mimi", halafu anakaa asikie faini. Dexter hakumkata mkewe. Lakini alimjua Arthur mapema, na kila alipoweza kummaliza au kumkabidhi kwa polisi, aliahirisha. Akajiita Kyle Butler, akaenda nyumbani kwa mzee, akala naye sikukuu ya Shukrani mezani na mke na watoto wake. Alitaka kujifunza: mtu huyu anawezaje kuwa na mke, watoto, kanisa, anajengea maskini nyumba, na bado anaua? Alimtafuta mwalimu. Akawapoteza njia polisi wenzake, akiwemo dada yake mwenyewe, ili mzee awe wake peke yake. Polisi wangemkamata Arthur wiki mbili kabla, Rita angekuwa hai anapanga nguo za safari.

Kwa hiyo mumeo kakosea muuaji, lakini mtu wa kumdai kamjua. Mpe kipande kikubwa cha nyama.

*Bibi, mambo. Nimewekewa msimu wa nne wote kwa buku mbili. Mwisho wake yule mzee anaingia ofisini kwa polisi, anamkuta Dexter, anamwita kwa jina lake la kweli, basi, giza. Ndo mwisho wenyewe? Mbona watu wanazungumzia bafu? – Bodaboda, Nkuhungu*

Mambo gani, na mimi ni bibi yako? Shikamoo iko wapi.

Huo si mwisho, hiyo ni episodi ya kumi na moja. Kila msimu una kumi na mbili, misimu minane, jumla 96. Umepunjwa moja, tena ile yenye mfupa. Rudi kwa kijana wako leo leo. Na siku nyingine, kabla hujatoa hela, chomeka flashi kwenye runinga yake pale pale, hesabu mafaili, fungua la mwisho, sogeza mpaka majina yaanze kupanda. Mengine huwa yanakatikia dakika ya arobaini kwa sababu flashi ilijaa naye akanyamaza.

Aliyekwambia habari ya bafu kakuibia kuliko aliyekupunja faili.

*Shikamoo Bibi Mlangoni. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kondoa. Kila nikimaliza episodi najiona nimechafuka. Nimekuwa upande wa mtu anayeua, nakasirika polisi wakimkaribia. Kwa picha zetu za zamani mambo yalikuwa wazi, huyu stelingi, huyu adui. Huyu Dexter tumweke wapi? – Mwalimu wa Historia*

Marahaba Mwalimu. Hapo ulipogusa ndipo panaponifurahisha, kaa kidogo.

Bandani kwetu hukumu ilitoka dakika tano za kwanza. Anayepanda farasi na kumsaidia mama mzee, stelingi. Mwenye kovu au anayecheka peke yake, adui. Baada ya hapo watu walikuwa watulivu, kwa sababu sheria moja ilikuwa inajulikana na kila mtoto wa Chang'ombe: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi sita akatoa moja kwa kisu, akafunga kitambaa, akaendelea.

Waliomtunga Dexter waliijua sheria hiyo vizuri, ndiyo maana walimvalisha adui nguo za stelingi. Sikiliza: anasimulia yeye. Sauti iliyo sikioni mwako kila mara ni yake, anakwambia siri ambazo hata mkewe hamwambii. Anapewa kanuni na Harry, baba yake wa kumlea, askari: usimguse asiye na hatia, na usikamatwe. Kila wiki anayeuawa ni mtu ambaye hata wewe Mwalimu ungemkimbiza na fimbo. Basi wiki ya tatu umeshazoea, ya nne unamwombea dua. Ukihesabu vizuri utaona ile kanuni ya pili, ya kutokamatwa, ndiyo inayomtawala zaidi. Ile ya kwanza ni ya kutuliza sisi.

Msimu wa kwanza walishatuonjesha. Muuaji wa gari la barafu, yule anayewakata watu vipande visivyo na tone la damu, mwishoni anakuja kuwa Brian, kaka wa damu wa Dexter, na naye alikuwa ndani ya kontena lile. Ndugu wawili, damu ile ile, mmoja akachukuliwa na askari akapewa kanuni, mwingine akapelekwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Dexter anamuua kaka yake ili amwokoe Debra, dada wa kulelewa pamoja. Ukiniuliza mimi, msimu ule ulikuwa na huruma zaidi, ila wa nne una akili zaidi. Pale kwa kaka bado wanakuruhusu umwone Dexter kama mtu aliyechagua vizuri. Kwa Rita mlango huo wanaufunga, halafu simu inalia.

Kama unajiona umechafuka, mwandishi kafanya kazi yake. Kwa sheria yetu hapa hakuna utata wowote: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 196 ni kuua kwa kukusudia, cha 197 ni hukumu ya kifo, na hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa marehemu alikuwa mbaya". Sisi wa Dodoma tunapita nje ya ukuta wa gereza la Isanga kila siku, tunajua.

*Habari za kazi Bibi. Niko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nasoma sayansi. Kuna kazi kweli ya kusoma michirizi ya damu na kusema nani kapigwa wapi? Ninavyomwona Dexter anafunga nyuzi nyekundu chumba kizima, nimetaka kubadilisha kozi. – Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Ipo. Na zile nyuzi ni njia ya kweli, hawakuitunga. Tone la damu likidondoka wima linaacha alama ya duara. Likija kwa upande linaacha alama ndefu kama mbegu ya tikiti, na mkia wake unaelekea lilikokuwa linakwenda. Ukipima upana ukagawanya kwa urefu, hesabu za pembetatu zinakupa pembe ambayo tone lilitua nayo. Unafunga uzi kutoka kwenye tone kwa pembe hiyo, na nyingine, na nyingine, zinapokutana ndipo damu ilipotokea.

Tumejaribu hapa jikoni, mimi na mjukuu, kwa juisi ya zabibu nyeusi za Hombolo. Karatasi moja tuliilaza, nyingine tukaiegemeza kwenye ndoo. Ya kulala ilitoa duara safi kabisa. Ya kuegemea ikatoa vile vimbegu virefu, tukapima kwa rula ya shule, ikakaribia. Sakafu ya saruji bado ina doa, na jirani kaniuliza nimechinja nini.

Lakini kabla hujaenda kwa mkuu wa kitivo, jua hili. Februari 2009, miezi kumi tu kabla ya Rita kufa kwenye runinga, Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti nzito kuhusu sayansi za uchunguzi wa makosa ya jinai. Katika kusoma michirizi ya damu ikasema mashaka ni makubwa mno, na kwamba maoni ya wataalamu wengi yanatokana na hisia zao kuliko sayansi iliyopimwa. Tone lililotua kwenye zulia si sawa na lililotua kwenye kigae. Damu inayokoholewa inaweza kufanana na ya risasi. Kule kwao kuna watu walifungwa kwa maneno ya mtu aliyesimama mahakamani kwa uhakika kama wa Dexter.

Kilichosimama imara ni vinasaba. Hapa kwetu tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, mwaka ule ule, na sampuli zinapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama unataka kazi ya maabara yenye mchango mahakamani, soma kemia na baiolojia ya molekuli kwa bidii. Nyuzi nyekundu waachie wasanii.

Halafu, ile Miami unayoipenda, sehemu kubwa ilipigwa picha Long Beach, California. Hata jua lenyewe si la kule.

*Bibi shikamoo. Mwanangu ana miaka kumi na tatu. Nimemkuta saa nane usiku ameangalia mpaka ile ya bafuni. Sasa hataki kwenda chooni peke yake, choo chetu kiko nje. Nimchape? – Mama watatu, Area C*

Marahaba mama. Usimchape. Msindikize chooni, wiki mbili tatu, na taa. Usimcheke mbele ya wadogo zake.

Kwao Marekani sizoni hii ni ya watu wazima tangu episodi ya kwanza. Mimi pale mlangoni nilikuwa na sheria yangu: saa kumi jioni watoto wote nje, hata kama ana shilingi mia mbili mkononi. Mume wangu alinung'unika, hela ilikuwa hela. Siku moja nilikuwa msibani Mpwapwa, akawaacha. Mtoto mmoja wa jirani, umri kama wa wako, aliona mtu akichinjwa kwenye picha, na kwa mwezi mzima alikuwa halali bila kushika sikio la mama yake. Si mkono. Sikio. Yule mama alikuja kunionyesha lilivyochubuka.

Mwulize mwanao kilichomtisha hasa ni kipi. Usidhani ni damu. Wengi huwa ni yule mtoto mdogo aliyekaa pale chini na hakuna mtu wa kumwinua. Mwambie aliinuliwa. Baba yake alimwinua, ndivyo ilivyo, akamtoa bafuni akiwa amembeba.

Na flashi ilale kwako, kwenye pochi.

*Bibi, mimi nimemaliza yote minane na nimeumia. Mwisho wa mwisho stelingi anakuwa mkata magogo? Kweli? Na huku naambiwa alikufa, wengine wanasema yuko hai. Tueleze mara moja. – Mwenye hasira, Ipagala*

Pole. Umeingia kwenye chama kikubwa. Ile ya mwisho ya msimu wa nane ilionyeshwa tarehe 22 Septemba 2013, ikatazamwa na watu milioni 2.8, na nadhani wote walilala na hasira kama wewe. Debra anapigwa risasi, anabaki kwenye mashine. Dexter anazima mashine, anambeba dada yake mpaka kwenye boti, anamwacha baharini, halafu anaelekea kwenye kimbunga. Tungeachwa hapo tungesema sawa. Lakini picha inafunguka tena: kijiji cha magogo huko Oregon, ndevu, shati la mabaka, anakaa kwenye kiti anatuangalia. Mtoto kamwacha na mwanamke mwingine nchi nyingine.

Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba waliogopa kumdai. Clyde Phillips, aliyekuwa kiongozi wa watunzi misimu minne ya kwanza, aliondoka baada ya ile ya Rita. Waliobaki walikuwa na stelingi ambaye deni lake limeshasomwa hadharani, na misimu minne mbele ya kujaza. Ukimpenda mtu kiasi hicho unamtafutia msitu wa kujificha.

Phillips akarudishwa. Kukatoka sizoni nyingine ya Dexter ya episodi kumi, Novemba 2021 hadi tarehe 9 Januari 2022, kwenye mji mdogo wa theluji. Harrison amekua kijana, anamkuta baba yake, anamjua alivyo, na mwishoni anamwelekezea bunduki kifuani akafyatua. Nikasema haya, sasa hesabu imefungwa. Yule mtoto wa bafuni ndiye amekuja kudai mwenyewe.

Mwaka 2025, mwezi wa saba, ikaja sizoni nyingine tena, nikaambiwa Dexter kaamka hospitali.

Nilicheka mpaka chai ikamwagika, na nitakwambia kwa nini. Kuna siku bandani kwetu ililetwa picha ambayo stelingi anakufa kweli, anazikwa, watu wanalia, majina yanapanda. Vijana waligoma kutoka. Wakaja mlangoni kwangu: turudishie hela, hii picha mbovu, stelingi hafi. Walikuwa kama sitini, na kopo langu lilikuwa jepesi, tulishanunulia mafuta ya jenereta. Mume wangu akaingia, akaurudisha mkanda nyuma, krrrrr, mpaka pale stelingi yuko juu ya farasi anaondoka kuelekea milimani, bado mzima. Akaacha hapo sekunde kumi hivi. Akazima jenereta. Giza. Akawaambia: "Haya, mmemwona anaenda. Kwaherini." Wakatoka wameridhika, wanapigana mateke ya mchezo njia nzima.

Kwa hiyo kwa wale watunzi wa Marekani siwezi kuwa na maneno makali sana. Hata nyumbani kwangu mkanda ulisharudishwa. Ila wewe wa Ipagala nakushauri fanya ninavyofanya mimi: nikiwa na mgeni ambaye hajaiona, namwonyesha misimu minne, simu inalia ndani ya nyumba, mtoto anainuliwa, nazima. Nafungua dirisha hewa iingie, vumbi la Dodoma likiruhusu.

*Eti Bibi, ni kweli Dexter na dada yake Debra ni mtu na mkewe? Tumewekeana soda. – Wauza mitumba, Soko la Majengo*

Walikuwa. Michael C. Hall na Jennifer Carpenter, waliowacheza, walioana mwishoni mwa 2008, wakatangaza kuachana Desemba 2010, na kazi wakaendelea kuifanya pamoja mpaka 2013, wakiitana kaka na dada. Hebu fikirieni kwenda kazini namna hiyo.

Na niwaongezee moja ya bure. Januari 2010, mwezi mmoja baada ya ile ya Rita, Hall alikwenda kuchukua tuzo ya Golden Globe kwa msimu ule akiwa amevaa kofia ya kufuma kichwani, suti nzuri na kofia. Alikuwa kwenye matibabu ya saratani ya tezi za limfu, nywele zimenyonyoka. Mzee Lithgow naye akapata ya kwake usiku ule ule. Hall akapona. Aliyesema "ndiyo" anywe soda, na aliyesema "hapana" alipe, ila mumpunguzie, kwa sababu leo hawapo kama mke na mume.

Nikiwa nafunga bahasha, mke wa fundi bomba wa Kizota kapiga simu. Mumewe kakubali ni Arthur. Ugali wamekula. Lakini sasa kaja na lingine: anasema kosa ni la Rita, kitambulisho angekiweka mkobani tangu asubuhi. Nikamwambia ampe simu. Nikamuuliza, baba, kitambulisho chako cha taifa kiko wapi saa hizi? Kakaa kimya muda mrefu, nikasikia droo zinafunguliwa.